Jina la duka kwenye pleti namba? Piga hesabu kwanza

Wadau, dada mmoja wa Kunduchi anayeuza madera mtandaoni katuuliza: gari la delivari aliwekee namba yenye jina la duka lake?

Inawezekana, zinatolewa na TRA. Ila bajeti ya 2016 ilipandisha ada kutoka milioni 5 hadi milioni 10, tena ni ya miaka mitatu tu. Gawa kwa miezi 36: karibu 278,000 kila mwezi! Hiyo si mzigo wa Kariakoo kabisa? Stika ubavuni yenye jina na namba ya WhatsApp, mtu akiwa foleni ya Mwenge anaku-save palepale.

Bado unaitaka? Ulizia ada ya sasa TRA kwenyewe, ulipe kwa kontroo namba yao. Anayejiita "mtu wa ndani" usimtumie hata mia.