Diwali katika Mji Mkongwe wa Unguja: Maneno Yaliyovuka Kizingiti

Jina Diwali ni ufupisho wa neno la Kisanskriti dipavali, ambalo lina sehemu mbili: dipa, yaani taa, na avali, yaani safu. Sikukuu hii ya Wahindu huangukia usiku usio na mwezi, mwishoni mwa mwezi wa Aso katika hesabu ya Kigujarati. Mwaka 2022 ilikuwa tarehe 24 Oktoba, na mwaka 2023 ilikuwa tarehe 12 Novemba. Makala haya yanakusudia kueleza namna Diwali ilivyoadhimishwa mjini Unguja, na kwa nini Kiswahili, ambacho kimeishi nayo kwa ujirani wa vizazi vingi, kilipokea baadhi ya maneno yake na kuyaacha mengine.

Yafaa kwanza kufahamu kwamba Unguja ina hesabu za mwaka zaidi ya moja. Mwaka wa Kiislamu hufuata mwezi peke yake, na Idi husubiri mwezi uandame. Mwaka Kogwa wa Makunduchi hufuata jua. Ama hesabu ya Vikram, wanayoitumia Wagujarati, huunganisha vyote viwili: miezi yake ni ya mwandamo, lakini kila baada ya miaka michache huongezwa mwezi wa kumi na tatu ili sikukuu zisihame majira yake. Basi Idi hutafuta mwezi, na Diwali hutafuta giza, ili taa zionekane.

Katika karne ya 19 wafanyabiashara wengi wa Kihindu waliokaa Unguja walitoka Kutch na Kathiawar. Mashuhuri miongoni mwao walikuwa Wabhatia, ambao nyumba yao ya biashara ya Jairam Shivji ilikodishwa ushuru wa forodha na Sultani. Kwa watu hawa Diwali ilikuwa mwisho wa mwaka wa hesabu. Madeni yalikaguliwa, vitabu vya zamani vilifungwa, na vitabu vipya viliwekwa mbele ya Lakshmi, mungu wa kike wa utajiri, kabla ya kuandikwa chochote. Ibada hii huitwa chopda pujan. Katika ukurasa wa kwanza huandikwa Shri, kisha Shubh, yaani heri, na Labh, yaani faida. Wakati huo mvua kubwa za Bara Hindi zimekwisha, na vyombo hungoja kaskazi ya kuvileta pwani hii. Hivyo mwaka wa daftari na mwaka wa bahari vilikwenda pamoja.

Umbo la nyumba za Mji Mkongwe lina maana hapa. Duka lilikuwa mbele, likielekea njia; makazi yalikuwa nyuma na juu. Ibada ya vitabu ilifanywa ndani. Nje zilionekana taa ndogo za udongo zenye mafuta na utambi, mapambo ya unga wa rangi kizingitini, na fataki zilizosikika na kila mpita njia. Vitamutamu viligawiwa, na siku ya mwaka mpya watu walisalimiana kwa maneno Sal Mubarak.

Mgawanyo huo wa ndani na nje umejichora katika lugha. Kiswahili kilipokea fataki, kwa kuwa zililia njiani. Kilipokea ladu, ambazo leo huandaliwa hata katika nyumba za Waislamu. Upande wa biashara kilipokea hundi, laki na rupia, fedha iliyotumika Zanzibar hadi 1936. Lakini chopda, kitabu chenyewe cha hesabu, hakikuingia. Waswahili walikuwa tayari na daftari, neno lililofika kwa njia ya Kiarabu. Wala pujan haikuingia. Salamu nayo inastahili kuangaliwa: sal ni neno la Kiajemi kwa maana ya mwaka, na mubarak ni Kiarabu, neno lile lile la Idi Mubarak. Wahindu na Waislamu walitakiana heri kwa neno moja, kila mmoja katika siku yake.

Hata jina walilopewa watu hawa lilitoka dukani. Banyani asili yake ni neno la Kigujarati lenye maana ya mfanyabiashara, nalo lilipitia Kiarabu. Kiswahili kililifanya jina la Mhindu yeyote, hivyo kazi ikachukua mahali pa imani. Methali isemayo "Banyani mbaya, kiatu chake dawa" inatokana na mtazamo huo huo: mtu hapendwi, bali manufaa yake yanakubaliwa.

Baada ya Mapinduzi ya 12 Januari 1964 Wahindu wengi waliondoka Unguja. Leo Diwali huadhimishwa na jamaa waliobaki, majumbani mwao na katika hekalu la mtaa wa Hurumzi, na taa zake ni chache kuliko zamani. Fataki, hundi na ladu zimebaki katika kinywa cha kila mtu, pamoja na watu ambao hawakupata kuona Diwali hata mara moja. Mwanafunzi wa lugha anapaswa kukumbuka, basi, kwamba maneno ya mkopo ni ushahidi wa aliyesimama barazani. Yanaeleza kwa uaminifu yaliyopita mlangoni. Ya ndani hayana budi kuulizwa kwa wenye nyumba, maadamu wangalipo.