Boga, Kisu na Mkono: Ubunifu wa Halloween Usiodhuru Afya

Kila mwaka, majuma ya mwisho ya mwezi Oktoba yanapowadia, maboga ya rangi ya machungwa hujaa madukani na katika vibaraza vya nyumba nchini Marekani na Kanada. Familia hukusanyika mezani. Boga hukatwa kifuniko, mbegu na nyuzi zake hukombwa, na ubavuni hutobolewa macho, pua na meno. Kisha taa huwekwa ndani ili sura hiyo iwake usiku wa tarehe 31 Oktoba, mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote. Ni kazi inayowafurahisha watoto na kuwapa wazazi nafasi ya kukaa nao. Hata hivyo, ni katika msimu huo huo ambapo vyumba vya dharura hupokea majeraha yanayofanana: kidole kisichokunjika, ncha ya kidole iliyopoteza hisia, au kiganja kilichotobolewa na kisu cha jikoni.

Familia nyingi za wazungumzaji wa Kiswahili waliohamia Amerika ya Kaskazini huijua desturi hii kwa mara ya kwanza kupitia shule za watoto wao. Kwao boga ni chakula, na hata majani yake ni mboga. Mtu aliyekwisha kupasua maboga mengi ya kupika anaweza kudhani kwamba kuchonga ni jambo lile lile. Sivyo. Kupasua ni pigo moja juu ya ubao, ilhali kuchonga ni kazi ya muda mrefu, ambamo ncha ya kisu huingizwa na kuchomolewa mara nyingi karibu sana na mkono unaolishika boga.

Asili ya desturi

Nchini Ayalandi na Uskoti, watu walichonga taa za namna hii kwa tanipu na mizizi mingine muda mrefu kabla ya kutumia maboga. Ngano ya Kiayalandi humtaja Jack, mtu bahili aliyemhadaa Ibilisi, akaachwa azurure gizani na kaa la moto ndani ya tanipu iliyochimbwa. Katika karne ya 19, wahamiaji wengi kutoka Ayalandi walifika Marekani. Huko walikuta boga, zao la asili ya bara la Amerika, ambalo ni kubwa na lenye uwazi ndani. Aina za maboga zinazouzwa leo kwa ajili ya kuchongwa huchaguliwa kwa umbo lake na ugumu wa ganda lake. Ugumu huo ndio unaolifanya boga lidumu kibarazani, na ndio unaokifanya kisu kikwame.

Jinsi ajali inavyotokea

Ajali hutokea kwa njia tatu kuu. Kwanza, kisu hukwama katika ganda. Mchongaji hukivuta kwa nguvu, nacho huchomoka ghafla na kuukata mkono wa pili. Pili, ncha hupenya ukuta wa boga na kutokea upande ambako mkono wa pili umelishikilia. Tatu, utomvu na nyuzi huulowesha mpini, kiganja huteleza mbele, na vidole huishia kwenye makali. Katika njia zote tatu kisababishi ni kimoja: nguvu kubwa inayotumika kwa kisu kirefu juu ya kitu cha mviringo kisichotulia.

Mwaka 2004, jarida la Preventive Medicine lilichapisha utafiti uliofanywa Syracuse, katika jimbo la New York. Watafiti walilinganisha zana mbili zilizotengenezwa mahsusi kwa maboga na visu viwili vya jikoni, kimoja chenye meno na kingine kisicho na meno, wakitumia mikono ya maiti. Hitimisho lao lilikuwa kwamba zana maalumu huenda ni salama zaidi kuliko visu vya jikoni. Neno “huenda” lafaa kuzingatiwa: zana hizo hupunguza hatari, haziiondoi.

Kinachoweza kupotea

Upande wa kiganja, kila kidole kina kano mbili zinazokikunja. Moja hukunja pingili ya kati na nyingine hukunja ncha. Kidole gumba kina kano moja ndefu ya kukunjia. Kando ya kano hizo, kulia na kushoto, hupita neva za hisia na mishipa ya damu. Vyote hivi viko karibu sana na ngozi, na kwenye mikunjo ya vidole hakuna nyama nyingi ya kuvikinga. Kwa hiyo, jeraha lenye urefu wa sentimita 1, lisilotoka damu nyingi, linaweza kuwa limekata kano na neva kwa pamoja.

Kano iliyokatika kabisa haijiungi yenyewe, kwa sababu ncha zake huvutwa na kuachana. Huhitaji upasuaji, kisha gango kwa takriban majuma 6, pamoja na mazoezi tiba yanayosimamiwa na mtaalamu. Kazi nzito huzuiliwa kwa takriban majuma 12. Kwa fundi cherehani, dereva, msusi au muuguzi, hiyo ni miezi mitatu ya kipato kilichopungua au kukatika, na wengine hubaki na kidole kigumu hata baada ya matibabu mazuri.

Ubunifu usiohitaji kisu

Mapambo yenye mvuto hayategemei makali. Watoto wadogo wanaweza kupewa boga zima walipake rangi, au walichoree uso kwa kalamu za wino mzito. Boga jeupe hupokea rangi vizuri zaidi, na nakshi za kanga, jahazi au mbuyu humfaa mtoto anayependa kuonyesha asili ya wazazi wake. Vipande vya kitambaa, majani makavu na uzi wa sufi vinaweza kugundishwa vikawa nywele, masikio au mabawa. Maboga matatu ya ukubwa tofauti yakipangwa juu kwa juu huwa mtu kamili aliyevaa kofia. Kwa watoto wa chini ya miaka mitatu, shanga na vitu vingine vidogo visitumike, kwa kuwa vinaweza kuwakaba.

Wazo jingine limetokana moja kwa moja na afya. Tangu mwaka 2014, shirika la Marekani la FARE, linaloshughulikia mzio wa vyakula, limekuwa likieneza kampeni ya boga lililopakwa rangi ya samawati iliyochanganyika na kijani. Boga hilo likiwekwa mlangoni, huwajulisha wazazi kwamba nyumba hiyo ina zawadi zisizo chakula, kama vile penseli au vibandiko. Kwa mtoto ambaye karanga au maziwa vinaweza kumletea mzio mkali, boga hilo humpa ruhusa ya kubisha hodi kama wenzake.

Kwa anayetaka kuchonga

Kazi ifanyike mahali penye mwanga wa kutosha, juu ya meza imara iliyotandikwa gazeti au taulo ili boga lisibiringike. Boga, zana na mikono vikaushwe kila mara. Mchoro uchorwe kwanza kwenye karatasi, ubandikwe juu ya ganda, kisha uhamishwe kwa kutoboa vitundu vidogo kwa pini. Ukuta wa upande utakaochongwa ukwanguliwe kwa ndani kwa kijiko kikubwa hadi ubaki na unene wa sentimita 2 hadi 3, kwani ukuta mwembamba hauhitaji nguvu nyingi.

Zana inayofaa ni msumeno mdogo wa maboga, wenye ubapa mfupi na meno membamba. Huendeshwa polepole kwa mwendo mfupi wa kwenda na kurudi, ukielekezwa mbali na mwili. Mkono wa pili usikae mbele ya ubapa wala upande wa pili wa ukuta unaokatwa. Msumeno ukikwama, uachwe utulie, kisha uchomolewe kwa kutikiswa kidogo, si kwa kuvutwa kwa nguvu. Kifuniko kikatwe kwa mshazari ili kisidumbukie ndani.

Wanaotaka umbo la kuvutia zaidi wanaweza kuparua ganda la juu tu, bila kutoboa ukuta. Mwanga hupenya katika nyama iliyobaki na kutoa rangi ya dhahabu, na picha hupata vivuli ambavyo matundu hayawezi kuvileta. Kazi ya kukata ibaki kwa mtu mzima. Watoto wachore sura na wakombe mbegu kwa mikono au kwa kijiko, nao hawatajiona wametengwa.

Huduma ya kwanza

Mtu akijikata, sehemu inayotoka damu ikandamizwe kwa kitambaa safi, na mkono uinuliwe juu ya usawa wa moyo. Mkandamizo uendelee kwa dakika 10 bila kufunua kila mara kutazama. Pete zivuliwe mapema kabla kidole hakijavimba. Damu ikikoma, jeraha lisafishwe kwa maji safi yanayotiririka na kufunikwa. Kipande cha kisu kilichobaki kimezama ndani kisichomolewe nyumbani.

Majeruhi apelekwe hospitali bila kukawia ikiwa damu haikomi, kidole hakikunjiki au hakinyooki, ncha yake imepoteza hisia au imepauka, jeraha ni la kina au liko juu ya kiungo, au kisu kimetoboa kiganja. Jeraha dogo lisidharauliwe: aliyejeruhiwa ajaribu kukunja kila kiungo cha kidole na kugusa pande zote mbili za ncha yake.

Kwa mtumishi wa afya

Uchunguzi huanza kwa macho. Mkono ukipumzika kiganja kikiwa juu, vidole hujikunja kidogo kidogo, na mkunjo huongezeka kuanzia kidole cha shahada hadi cha mwisho. Kidole kilichonyooka peke yake huashiria kano iliyokatika. Kano ya ncha hupimwa kwa kuishika pingili ya kati ikiwa imenyooka na kumwomba mgonjwa akunje ncha. Kano ya pingili ya kati hupimwa kwa kuvinyoosha na kuvishika vidole vingine, kisha mgonjwa akunje kidole kinachochunguzwa. Maumivu au udhaifu mgonjwa anapokunja dhidi ya ukinzani huweza kumaanisha kano iliyokatika nusu.

Hisia zipimwe kabla ya kudunga ganzi, kila upande wa kidole kivyake. Baada ya ganzi, kipimo hicho hakina maana. Katika kidole, neva hukaa mbele ya mshipa wa damu kuelekea kiganjani. Kwa hiyo damu inayoruka kwa nguvu kutoka kando ya kidole huashiria kwamba huenda neva nayo imekatwa. Damu isizuiwe kwa kubana kwa koleo ndani ya jeraha bila kuona, kwani neva hujeruhiwa kwa njia hiyo. Pia, vidole huwa vimekunjwa kuzunguka mpini wakati wa ajali. Hivyo mkato wa kano hauko lazima chini ya mkato wa ngozi, na jeraha lichunguzwe kidole kikikunjwa na kunyooshwa.

Picha ya eksirei inafaa kisu kinapokuwa kimevunjika. Kwa pepopunda, aliyekamilisha chanjo apewe nyongeza ikiwa imepita miaka 10 tangu dozi ya mwisho, au miaka 5 kwa jeraha chafu au la kina. Anayeshukiwa kuwa na kano au neva iliyokatika asafishwe jeraha, afungwe gango na apewe rufaa mapema kwa daktari wa upasuaji wa mkono. Anayerudi baada ya siku chache akiwa na kidole kilichovimba chote, kilichojikunja kidogo, chenye maumivu njia nzima ya kano na makali zaidi kinaponyooshwa, ana dalili za maambukizi ndani ya ala ya kano. Hiyo ni dharura.

Moto, ukungu na chakula

Mshumaa ndani ya boga huweza kushika nguo za sherehe zinazoburuza. Taa ndogo ya betri hutoa mwanga wa kutosha bila hatari hiyo. Boga lililochongwa huanza kuoza na kuota ukungu ndani ya siku chache, kwa hiyo lichongwe karibu na sikukuu na liwekwe nje, hasa nyumbani kwa mgonjwa wa pumu.

Boga lililokwisha kukaa kibarazani lisipikwe. Lakini mbegu zilizotolewa siku hiyo hiyo zikioshwa na kukaangwa ni chakula chenye magnesiamu na zinki, ingawa watoto wadogo huweza kupaliwa nazo. Nyama ya boga bichi lisilochongwa ina beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Vibuyu vidogo vya mapambo haviliwi, na boga lolote lenye uchungu usio wa kawaida litemwe na kutupwa, kwa kuwa uchungu huo hutokana na kemikali zinazoweza kusababisha kutapika na kuharisha vikali. Kupika hakuondoi sumu hiyo.

Wahenga walisema, apendaye boga hupenda na ua lake. Anayeipenda furaha ya Halloween hana budi kuyapenda na maandalizi yake: meza iliyotulia, msumeno mfupi, mikono mikavu, na mtoto mwenye brashi ya rangi badala ya kisu. Sura iliyochongwa huoza ndani ya juma moja, ilhali mkono ulioichonga utahitajika kwa miaka mingi.