Je, Wajua? Jointi Mpya Inaweza Kufa kwa Kosa Lisilo Lake

Gari la kuvuta kwa mbele likilia ka-ka-ka ukikata kona, jointi ya nje ya shafti imechoka. Ndani yake, kwa kawaida, mna gololi 6 zinazoogelea kwenye grisi. Mpira wake ukichanika, grisi hutoka, mchanga huingia, gololi zikasagika.

Lakini ukishabadilisha mara mbili, na jointi ya tatu ikifa upande uleule? Usikimbilie kumlaumu muuza spea (ingawa wapo wanaostahili). Chungulia uvunguni. Gari lililoinuliwa kwa spesa huikunja shafti kwa pembe kali hata kwenye barabara iliyonyooka. Maunti ya injini iliyokatika nayo huiacha injini ihame, ikiivuta shafti. Ila usichanganye dalili: mtetemo unaokuja ukikanyaga mafuta tu, huo mara nyingi ni wa jointi ya ndani, si ya nje.