Kazi ya kwanza ya mhitimu huanzia kwenye daftari la mkulima

MZAZI wa shamba huko Unguja huuza ng'ombe, au mazao ya misimu kadhaa, ili mtoto amalize chuo. Baada ya mahafali, kijana hupanda daladala kila wiki kwenda Mjini na bahasha ya vyeti, huzunguka Vuga, Shangani na Malindi, kisha hurudi kusubiri. Nauli bado hutoka kwa mzazi.

Waajiri humuuliza uzoefu, nao uzoefu hupatikana kazini. Fundo hili wakulima na wafanyabiashara wadogo wanaweza kulifungua, tena kwa faida yao wenyewe.

Hoteli za Nungwi, Kiwengwa na Paje zinahitaji mboga kila siku, lakini nyingi huvushwa kutoka Tanzania Bara. Mnunuzi wa hoteli anataka kiasi kilekile, ubora uleule na ankara mkononi. Mkulima mmoja hawezi kuahidi hayo. Kumi wanaweza, iwapo yupo wa kupanga nani apande lini, kupima mzigo, kuandika ankara na kufuatilia madeni. Hiyo ni kazi ya msomi.

Malipo yake yatatoka wapi? Tuchukue mfano. Wakulima 10 wanauza matenga matano ya tungule kila mmoja kwa wiki. Wakichangia shilingi 2,000 kwa tenga, hupatikana shilingi 100,000 kwa wiki, yaani 400,000 kwa wiki nne. Tungule zikiacha kuoza kwa kukosa mnunuzi, mchango huo hurudi.

Hali ni hiyo hiyo katika mwani, unaolimwa Paje na Jambiani tangu mwaka 1989. Kikundi cha akinamama chenye kumbukumbu za kilo, bei na tarehe hujadiliana na mnunuzi kwa hesabu, si kwa kukisia.

Mambo ya kuzingatia

Kwanza, andikianeni muda, kazi, malipo na siku ya kulipa. Miezi mitatu yatosha kupimana. Kijana asifanywe kibarua wa bure kwa kisingizio cha kujifunza.

Pili, muda ukiisha mpeni barua yenye takwimu: aliuza matenga mangapi, alikusanya deni kiasi gani, upotevu ulipungua vipi. Barua ya sheha hueleza anapoishi na tabia yake; hii itaeleza anachoweza kufanya.

Tatu, mzazi asimlipe mtu yeyote anayeahidi "kumpenyeza" kijana kazini. Fedha hiyo ni bora inunue mizani na daftari.

Kwa upande wake, mhitimu aache kutuma barua moja kwa ofisi ishirini. Aende soko la Mwanakwerekwe au kwa mnunuzi wa hoteli, aulize ni bidhaa gani inayokosekana na lini, kisha awapelekee wakulima jibu. Ajira inaweza kuanzia hapo, na atakapokwenda kwa mwajiri mkubwa hatakwenda na cheti kitupu.