Wembe wa Kitovu Si wa Kunyolea

Baadhi ya kamati za sharika zimetuuliza kwa nini kifurushi cha mama mjamzito sasa kina wembe mmoja badala ya mbili. Wako waliodhani tunabana matumizi. Sivyo. Tunaomba tueleze sababu, ingawa jambo lenyewe linahusu sehemu za siri na si jepesi kulisema mbele ya wazee wa usharika.

Wembe uliomo pamoja na glovu, pamba na nyuzi ni wa kukatia kitovu cha mtoto. Wa pili tuliuongeza wenyewe, kwa kuwa akina mama walitaka kunyoa kabla ya kwenda kujifungua. Ukiwauliza sababu, wengi watakuambia wanaogopa kusemwa na wauguzi kuwa ni wachafu. Lakini mama wa miezi tisa haoni anaponyoa. Ananyoa kwa kupapasa, na anafika zahanati akiwa amechubuka. Mmoja tuliyemtembelea nyumbani alilalamikia mwasho kuliko uchungu wa uzazi. Mwingine alikuwa amenyolea nyembe zote mbili, na muuguzi akalazimika kutafuta wembe mwingine huku mtoto amekwisha kutoka.

Zamani hospitali nyingi duniani ziliwanyoa wazazi zikiamini kuwa zinazuia maambukizo. Utafiti haukuthibitisha faida hiyo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 haupendekezi kumnyoa kila mama anayejifungua kwa njia ya kawaida. Hata kwa upasuaji, mwongozo wake wa mwaka 2016 unataka nywele ziachwe, au ikibidi sana zipunguzwe kwa mashine, si kwa wembe. Wembe huacha michubuko midogo isiyoonekana, na vijidudu hupenya humo.

Kwa wenye nywele za kujikunja kama zetu kuna la ziada. Unywele uliokatwa chini kabisa hubaki na ncha kali, na unapoota hujipinda na kuingia tena kwenye ngozi. Mwili huuona kama mwiba: pale huvimba, huwasha na kutoa kipele. Wanaume wanalijua hili kidevuni. Kinenani ni vilevile, tena kuna jasho na nguo inayosugua.

Kwa hiyo ushauri wetu ni kwamba mama asinyoe kwa ajili ya kujifungua. Nywele zikimkera, zipunguzwe kwa mkasi mdogo safi, na amsaidie mtu anayeona vizuri. Kwa wakati mwingine, anayetaka kunyoa, awe mwanamke au mwanamume, kwanza apunguze kwa mkasi, kisha alainishe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali. Atumie wembe mpya, afuate uelekeo wa nywele, asivute ngozi wala kurudia rudia mahali pamoja. Wembe hauazimwi, hata kwa dada. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi.

Aliyekwisha kuchubuka aweke kitambaa safi kilicholowa maji baridi, apake mafuta ya mgando yasiyo na manukato, avae nguo ya ndani ya pamba isiyobana, na asinyoe tena mpaka apone. Spiriti, ndimu na chumvi huongeza maumivu bure. Tusiwanunulie watu krimu za dukani bila ushauri wa mganga, kwani baadhi zina dawa inayopunguza mwasho leo na kudhoofisha ngozi baadaye. Usaha, uvimbe unaoongezeka au homa ni vya kupeleka zahanati. Malengelenge au kidonda pia, maana huenda si kazi ya wembe, na aibu isimzuie mtu kupimwa.

Tulizungumza na wauguzi wa zahanati tunazoshirikiana nazo. Wengi walisema hawajawahi kumdai mama anyoe, ila wachache walikiri kuwa maneno ya kejeli yamewahi kusemwa, na wameahidi kulitangaza jambo hili siku za kliniki.

Kuanzia sasa wembe wa kitovu ubaki katika karatasi yake, ufungwe ndani ya bahasha yake peke yake, na juu iandikwe KITOVU kwa herufi kubwa. Kamati zilizokwisha kufunga vifurushi vya robo hii tunaziomba zitoe wembe wa pili kabla ya kuvisafirisha.