Kipimo cha kupokea na kipimo cha kulipa

Bandugu na ba mama wa mumigodi, kuna maneno mapya yanatembea katika formation za bakubwa wa makampuni: hekima ya zamani ya India. Kule India kwenyewe si mapya. Katika chuo cha management cha Calcutta, profesa S. K. Chakraborty alifundisha miaka mingi kwa kutumia Upanishad na Gita, na vitabu vya namna ile ni vingi sana. Huku kwetu, délégué mmoja alituonyesha karatasi ambayo chef wake wa équipe alirudi nayo kutoka formation. Juu yake iliandikwa kwamba mufanyakazi mzuri anatimiza wajibu wake bila kuangalia matunda.

Délégué akauliza: matunda, si njo mushahara?

Fundisho lenyewe liko kweli katika Bhagavad Gita. Lakini angalieni nani anaambiwa. Ni Arjuna, mwana wa mfalme, mwenye gari la vita na jeshi nyuma yake. Si mutu wa kibarua anayengoja mwisho wa mwezi. Gandhi aliipenda Gita sana, na maneno ya kutoshikamana na mali aliyapeleka kwa matajiri. Alisema tajiri ni mutunzaji tu wa mali. Achukue ile inamutosha, inayobaki ni ya watu wote. Na kwa jambo hilo alitegemea pia mwanzo wa Isha Upanishad. Fundisho ni moja, lakini ukimwambia patron linafungua mfuko, ukimwambia mufanyakazi linafunga kinywa.

Kuna kitabu kingine ambacho bakubwa wanapenda kukitaja, Arthashastra. Mapokeo yanasema kiliandikwa na Kautilya, waziri wa mfalme Chandragupta, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Wataalamu wengine wanasema kilimalizwa nyuma yake sana. Kilikuwa kimepotea hata mwaka 1905, Shamasastry wa maktaba ya Mysore alipopata maandiko yake. Akakichapisha 1909. Shiye wa migodi tungekisoma zaidi ya bakubwa, kwani kinazungumzia migodi, mizani na mishahara waziwazi, bila sauti ya kasisi.

Kwanza mizani. Kautilya anaagiza mawe ya kupimia yatengenezwe kwa chuma, au kwa jiwe lisilobadilika uzito kwa maji wala kwa moto. Kila miezi minne yakaguliwe na kupigwa chapa. Mufanyabiashara akikutwa na jiwe lisilo na chapa, analipa fine ya pana 27 na robo, pana ikiwa pesa ya wakati ule. Bacreuseurs wanaosoma hapa, mutu aliyebeba mifuko yake hata depo na kuona kilo zinapungua mbele ya macho, wananielewa. Na kilo ni nusu ya maneno tu. Kuna teneur, ambayo mashine ya munumuzi njo inaisema peke yake. Kautilya hakuzungumza na dhamiri ya munumuzi. Alimutumia mukaguzi.

Hapo wenye kufundisha wanasimama, wanasema: muone, maadili ya biashara ya India. Lakini mbele kidogo katika kitabu kilekile kuna hesabu ambayo sijasikia hata mara moja katika formation. Kipimo cha nafaka kiliitwa drona. Mfalme alikuwa na drona nne, zote jina moja. Ile ya kupokea mapato yake ilikuwa ya pala 200. Ile ya biashara ya watu, 187 na nusu. Ile ya kulipa watumishi, 175. Na ya nyumba ya wanawake wa mfalme, 162 na nusu. Maana yake, ukimuletea mfalme drona nane, na yeye akikulipa drona nane, umepoteza drona moja nzima, na kwenye karatasi hakuna mwizi. Ilikuwa sheria.

Na mutu aliyechimba bila ruhusa? Kitabu kinasema afungwe na afanyishwe kazi. Basi tusidanganyane kwamba hekima ya zamani ilikuwa yote ya huruma. Lakini kitabu hicho pia kinamupiga fine patron asiyelipa mushahara, na kinawatambua wafanyakazi waliojiunga pamoja: wanaongezewa siku saba za kumaliza kazi, na pesa wanagawana sawa ao kama walivyopatana.

Mambo hayo yalijaribiwa kwa kweli Ahmedabad, muji wa viwanda vya nguo, mwaka 1918. Tauni ilikuwa imepita, na bapatron waliokuwa wametoa nyongeza kubwa ili watu wasikimbie, wakaiondoa. Bei za vitu zilikuwa juu. Wafanyakazi walitaka 50 kwa mia. Bapatron wakasema 20. Gandhi alifanya hesabu ya maisha na ya viwanda, akafika 35, na wafanyakazi wakaapa kutoshuka chini ya hapo, wala kupiga mutu. Mbele ya bapatron alisimama Ambalal Sarabhai, rafiki wa Gandhi. Mbele ya wafanyakazi, Anasuya Sarabhai, dada yake wa tumbo moja.

Viwanda vilifungwa. Kila siku walikutana chini ya muti karibu na muto Sabarmati. Njaa ikaanza kuingia, watu wakaanza kulegea, na tarehe 15 Machi Gandhi akaacha kula. Siku tatu tu. Patano lake lilikuwa la kuchekesha kidogo: siku ya kwanza 35, ili kiapo cha wafanyakazi kisivunjike, siku ya pili 20, ili bapatron nao wasiaibike, kisha 27 na nusu mpaka musuluhishi aamue. Musuluhishi, profesa Anandshankar Dhruva, aliangalia vitabu vya hesabu, akaamua 35.

Gandhi aliendelea kusema tajiri anaweza kuwa mutunzaji mwaminifu. Wafanyakazi wa Ahmedabad, wao, mwaka 1920 waliunda syndicat yao, Majoor Mahajan, na Anasuya akawa présidente wake.