Kiunzi cha Mlango

Mtu apitaye mbele ya nyumba huutazama ubao wa mlango, rangi yake na kitasa chake, akasema, "Mlango huu ni madhubuti." Lakini fundi mwenye akili hutazama kwanza kiunzi, yaani miimo miwili iliyosimama na kizingiti kilicho juu yake. Kwa kuwa ubao hushikwa na bawaba, bawaba hushikwa na mwimo, na mwimo hushikwa na ukuta. Mwimo ukilegea, kitasa cha bei kubwa hakifai kitu. Mwizi hana haja ya kuvunja ubao. Husukuma kwa bega tu, na mlango wote huanguka ndani pamoja na kiunzi chake.

Mbona mwimo hulegea? Sababu ni tatu. Ya kwanza, mlango ni mzito, nao huuvuta mwimo kila ufunguliwapo, na kuutikisa kila upigwapo na upepo. Ya pili, mti husharabu maji wakati wa masika ukavimba, na wakati wa kiangazi hukauka ukasinyaa, bali ukuta hausogei pamoja nao. Ya tatu, mchwa hupanda kwa siri kutoka ardhini, wakaula mti upande ule ulioegemea ukuta, usioonekana na mtu. Fundi yampasa kuwashinda maadui hao watatu kabla hajatundika mlango.

Katika mji wa kale wa Unguja, na huko Lamu, mafundi wa zamani walijenga kuta nene kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Mara nyingi kiunzi kizito cha kuchongwa kilisimamishwa kwanza, ndipo ukuta ukapandishwa huku na huku, ukikikumbatia. Mingi katika milango hiyo imepita miaka 100, nayo ingali imesimama.

Njia hiyo yatufaa hata leo katika ukuta wa matofali. Chagua mti mgumu usiopendwa na mchwa, kama mvule au msaji. Upande utakaogusa ukuta, upake lami au rangi ya mafuta, ili maji yasiingie. Kisha pigilia ubao wa muda chini, kati ya miimo, upana wa chini uwe sawa na wa juu. Chukua uzi, upime mshazari kutoka pembe hata pembe, mara mbili. Vipimo vikilingana, pembe zote ni za mraba. Sasa kisimamishe kiunzi, ukiegemeze kwa miti, na uteremshe timazi mbele ya kila mwimo na ubavuni pia. Mwimo ukiinama kidogo tu, mlango utajifungua au kujifunga wenyewe.

Ukuta unapopanda, funga kila mwimo kwa vipande vitatu vya chuma bapa: kimoja karibu na chini, kimoja katikati, na kimoja karibu na juu. Ncha moja hukazwa kwa skrubu mgongoni mwa mwimo. Ncha ya pili, iliyopindwa, huzikwa katika saruji kati ya matofali. Juu ya mlango weka boriti ya zege, iingie ukutani sentimita 15 au zaidi kila upande, ili uzito wa ukuta usikilemee kizingiti. Nyunyizia saruji maji, uiache siku 7 ipate kushika. Ndipo utundike mlango.

Ikiwa ukuta umekwisha kujengwa, toboa matundu, ukaze miimo kwa skrubu ndefu. Lakini kwanza tia kabari za mti mgumu nyuma ya kila skrubu. Usipofanya hivyo, mwimo utapindika unapoukaza. Mwisho, jaza mwanya wote, hasa upande wa nje upigwao na mvua. Mwanya mdogo ni njia ya maji leo, na kesho ni njia ya mchwa. Wahenga walisema, "Usipoziba ufa, utajenga ukuta."

Basi, nendeni na uzi mkaupime mlango wa darasa lenu, pembe hata pembe. Kisha shikeni mwimo, mwutikise. Ukicheza hata kidogo, mwambieni mwalimu siku hiyo hiyo.